Shabiki wa Kabungu na Kilio Kisicho Chake



Leo nataka kuandika jambo litakalowaudhi Simba na Yanga kwa pamoja, na hilo ni nadra. Ukifika Kabungu, wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, ukakaa kijiweni siku yoyote baada ya mechi kubwa, utakuta mjadala umekwisha kuuacha mpira wenyewe. Hakuna tena anayezungumzia pasi wala bao. Kinachojadiliwa ni magazeti, redio na televisheni. Mmoja anasema gazeti fulani ni la Simba. Mwenzake anaapa kwamba gazeti lilelile, toleo lilelile, ni la Yanga. Huyu anadai mtangazaji alishangilia bao la watani kana kwamba amelifunga yeye. Yule anadai mchambuzi wa redio alitumia kipindi kizima kumtetea mwamuzi aliyewaumiza. Watu wazima, wenye mashamba ya tumbaku na mahindi yanayowasubiri, huagana kwa hasira kwa sababu ya ukubwa wa picha katika ukurasa wa mbele.

Sina nia ya kuwacheka. Kuvikosoa vyombo vya habari ni haki ya raia, na mara nyingi malalamiko hayo yana msingi. Hoja yangu ni nyingine. Upendeleo mkubwa kuliko wote katika habari za michezo nchini hauko baina ya Simba na Yanga. Uko baina ya klabu hizo mbili kwa upande mmoja, na nchi nzima iliyobaki kwa upande wa pili. Shabiki wa Kabungu anaishi katika upande huo wa pili, lakini analia kwa niaba ya upande wa kwanza. Anaililia nafasi klabu yenye kila kitu, na haulilii kamwe mpira unaochezwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwake.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haivai jezi. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu hucheza mechi 30, na mechi zote za msimu ni 240. Simba ina mechi 30 na Yanga ina mechi 30. Ukikumbuka kwamba zile mbili wanazokutana wao kwa wao hazipaswi kuhesabiwa mara mbili, unapata mechi 58 zinazoihusu mojawapo ya klabu hizo. Zinasalia mechi 182. Yaani zaidi ya robo tatu ya Ligi Kuu haiihusu Simba wala Yanga hata kidogo. Sasa chukua gazeti lolote la michezo, au sikiliza kipindi chochote cha michezo kuanzia asubuhi, uzitafute hizo robo tatu. Utazikuta ukurasa wa ndani, aya mbili au tatu, au zikitajwa kwa pumzi moja kabla ya tangazo la biashara. Na hapo nazungumzia Ligi Kuu peke yake. Chini yake iko Championship, iko First League, iko Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ziko ligi za mikoa na wilaya. Huko ndiko iliko Katavi, mkoa ambao tangu uzaliwe kutoka Rukwa mwaka 2012 haujawahi kuwa na timu Ligi Kuu. Kama robo tatu ya Ligi Kuu haionekani, Kabungu itaonekana wapi?

Pamoja na hesabu, tazama sarufi. Katika lugha ya habari zetu za michezo, kiima cha sentensi ni kimoja kati ya viwili. Simba ikipoteza mchezo mikoani, msomaji huambiwa Simba imeangukia pua, imebanwa mbavu, imepigwa butwaa. Aliyeiangusha hana kitenzi chake. Oktoba 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Tanzania Prisons waliifunga Simba bao 1-0. Sumbawanga ni makao makuu ya Rukwa, jirani zetu na wazazi wa mkoa wetu. Wengi wetu tuna ndugu kule. Ilipaswa kuwa siku ya fahari kwa ukanda huu wote wa Ziwa Tanganyika na Rukwa. Lakini nenda Kabungu leo uulize kilichotokea siku ile. Utaelezwa kwa kirefu jinsi Simba ilivyocheza vibaya, kocha alivyokosea kikosi na uwanja ulivyokuwa. Mfungaji wa bao la ushindi hatajwi. Mtu ameshinda, na bado katika kumbukumbu za jirani zake yeye ni sababu tu ya huzuni ya mwingine.

Atasema mtu: mwalimu, hao ndio tunaowapenda, unataka tumpende nani? Swali zuri, na jibu lake linatutaka tuulize mapenzi hayo yalitoka wapi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam, kwa wakazi wa mji ule na shughuli zao. Hazikuja Mpanda kwa miguu. Zilikuja kwa redio. Kituo cha kwanza cha redio Tanganyika kilipoanza mwaka 1951 kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina lilibadilika zaidi ya mara moja, hata mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, na jiji likarudi ndani ya jina. Kwa miaka mingi redio hiyo moja ndiyo iliyosikika kila kona, na watangazaji hodari wa mpira, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walikuwa na uwezo wa kumfanya mtu aliyekaa chini ya mwembe Kabungu aone majani ya uwanja asiowahi kuufikia. Baba zetu walizijua namba za jezi za wachezaji wasiowahi kuwaona, na wakaturithisha upande kama wanavyorithisha ukoo.

Silaumu sanaa ile. Ilikuwa sanaa kubwa, na ilisaidia kuifanya nchi hii ijione kuwa moja. Ninachosema ni kwamba mapenzi yetu yenyewe ni zao la utangazaji. Hatukuzaliwa nayo. Tulitangaziwa, tukapenda. Kwa hiyo mhariri wa leo anapojitetea kwamba yeye huandika tu kile ambacho wasomaji wanakipenda, anasahau kwamba kazi ya taaluma yake ndiyo iliyokipandikiza kile tunachokipenda. Mkulima aliyepanda mahindi peke yake kwa miaka sabini hawezi kutwambia kwamba ardhi yetu haikubali maharage.

Na ushahidi kwamba ardhi inakubali upo. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa nchi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, iliupata ubingwa katika msimu wake wa kwanza ligi ya juu. Mwaka 1988 zamu ilikuwa ya Coastal Union ya Tanga. Mtibwa Sugar, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, ilichukua mwaka 1999 na ikarudia mwaka 2000. Tangu hapo mlango umefungwa. Kuanzia mwaka 2001 hadi msimu wa 2024/25 ubingwa umekwenda Simba au Yanga kila msimu, isipokuwa 2013/14 ulipochukuliwa na Azam FC, ambayo nayo ni ya Dar es Salaam. Robo karne nzima hakuna bingwa kutoka nje ya jiji moja. Nchi yenye mikoa zaidi ya ishirini na tano!

Msimu huohuo wa 2013/14 ulitupa somo jingine. Mbeya City ilipanda daraja ikamaliza nafasi ya tatu, juu ya Simba. Mashabiki wake walisafiri nayo kwa mabasi kuifuata viwanjani. Kwa msimu mmoja vyombo vya habari vilipata klabu ya tatu ya kuandika, vikaandika, na watu wakasoma. Huko Dar es Salaam kwenyewe, mashindano ya mitaani ya Ndondo Cup yalipopata kipaza sauti cha redio, viwanja vya vumbi vilijaa watu kushinda baadhi ya mechi za Ligi Kuu. Soko lilikuwepo siku zote. Lililokosekana ni mtu wa kuutangazia umma kwamba kesho saa kumi kuna mpira.

Kwa nini basi hali haibadiliki? Kwa sababu mfumo wenyewe umejengwa uwe hivyo, na ni vema shabiki aujue badala ya kuamini kwamba kila kitu ni chuki ya mtangazaji fulani. Mwandishi wa mikoani, kwa kawaida, hana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka, nauli na muda ni hasara yake. Mwandishi aliyeko Mpanda anajua kwamba akituma habari ya fainali ya kata ya Kabungu haitatoka. Akituma ajali, mauaji yenye tuhuma za ushirikina, ugomvi wa wakulima na wafugaji, au ziara ya kiongozi, itatoka. Basi anatuma hizo, na ndiyo maana Katavi inayofahamika nchini ni ile ya ajali, viboko wa hifadhini na misafara ya viongozi. Mkoa uliolitoa taifa Waziri Mkuu, Mzee Mizengo Pinda, kuanzia 2008 hadi 2015, haujawahi kuifanya nchi ijue jina la mfungaji bora wa ligi yake.

Juu ya mwandishi yuko mhariri, na juu ya mhariri iko biashara. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, wastani wa Sh bilioni 22.56 kwa mwaka. Nitende haki: kabla televisheni hiyo haijaanza mwishoni mwa 2013, mchezo wa Sumbawanga au Kigoma haukuonekana kabisa, na leo unaonekana. Hilo ni jema. Lakini kampuni inayorusha matangazo ina klabu ndugu ndani ya ligi ileile, na ni haki ya shabiki kutaka mambo ya namna hiyo yatajwe wazi kila yanapohusika, kama hakimu anavyotaja undugu wake na mdaiwa. Vilevile mwaka 2017 kampuni moja ya kubashiri matokeo, SportPesa, iliwadhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Fikiri hapo kidogo. Sisi kijiweni tunatukanana. Mdhamini wakati ule alikuwa amevaa jezi zote mbili. Kwa aliye na biashara, ugomvi wetu ni bidhaa moja yenye rangi mbili, na kila kelele inayoongezeka inamfaidi yeye.

Kisha wakaja wasemaji wa klabu. Zamani msemaji alikuwa mtu wa kutoa taarifa. Leo ni mburudishaji, na mikutano yake na waandishi inarushwa moja kwa moja kana kwamba ni tukio la kitaifa. Mwaka 2021 Haji Manara alihama kutoka kuisemea Simba akaenda kuisemea Yanga, na uhamisho huo ukajadiliwa kwa uzito wa uhamisho wa mshambuliaji. Maneno ya msemaji hayana gharama kuyapata: mwandishi haendi uwanjani, halipi nauli, hahesabu pasi. Anaweka kinasa sauti mezani. Hivyo kurasa zinajaa majibizano, na mpira wenyewe unabaki bila mwandishi.

Siasa nayo haiko mbali na kamera. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa Sh milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika michuano ya Afrika, fedha tuliyoizoea kwa jina la Goli la Mama. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025, na sioni ubaya wa taifa kufurahia mafanikio hayo. Nauliza tu: mabao ya watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA, ambao kila mwaka hutoka Katavi na kusafiri siku nzima na zaidi kwa ajili ya mkoa wao, yana bei gani? Hayana, kwa kuwa hakuna kamera iliyowekwa pale, na pasipo na kamera mkono wa siasa haunyooki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika zama zetu, asiyetangazwa ndiye asiyekuwepo.

Nitoe mfano mmoja unaoonesha jinsi kilio chetu kinavyotupotezea haki zetu hata ndani ya Kariakoo yenyewe. Tarehe 8 Machi 2025 Simba na Yanga walikuwa wakutane Uwanja wa Benjamin Mkapa. Jioni ya siku iliyotangulia Simba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, ikatangaza kwamba haitacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe ya mchezo. Ukaja mzozo wa miezi, Yanga ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mechi ikachezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Kwa miezi hiyo yote Kabungu iligawanyika juu ya swali la redio ipi inaitetea klabu ipi. Lakini kulikuwa na swali la tatu, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwa mtu wa mikoani. Mashabiki walikuwa wamesafiri. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, siku za kazi zilizopotea: nani aliwajibika? Katika utitiri wa uchambuzi ule, shabiki aliyepoteza fedha yake alikuwa na dakika ngapi? Wala hatukuudai muda huo, kwa kuwa tulikuwa tumeshika zamu ya ulinzi katika lango la klabu zenye mawakili.

Hapo ndipo ninapoona hatari yenyewe. Usikivu wa watu ni mali, na mali hiyo hutumika. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi za ukoloni ili kuyatoa madini ya risasi. Yalikwenda, na Mpanda ikabaki na kituo cha reli. Siku hizi kinachotoka kwetu ni kiingilio cha kibanda umiza, malipo ya king'amuzi, bando la simu na fedha ya mkeka. Kinachorudi ni habari za mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Ndani ya wilaya hii ya Tanganyika kuna vijiji vinane vinavyopata mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata na kuuza hewa ya ukaa, fedha iliyojenga madarasa na zahanati. Ni habari ambayo ingestahili kufuatiliwa na kila mwananchi, wa vijiji vile na wa vijiji jirani: zinaingia kiasi gani, nani anaidhinisha, zinatumikaje. Kijana anayeweza kukutajia mshahara wa winga wa Msimbazi na tarehe ya kwisha kwa mkataba wake hawezi kukutajia mapato ya halmashauri yake. Hakuzaliwa mvivu wa kufikiri. Kumbukumbu yake ni kali na ubishi wake ni wa kiwango cha wakili. Amefundishwa tu mahali pa kuutumia.

Kama mwanataaluma, kuna hasara nyingine inayoniuma zaidi: hasara ya kumbukumbu. Miaka thelathini ijayo, mwanafunzi atakayetaka kuandika historia ya mpira wa Mpanda atafungua nyaraka gani? Magazeti hayana. Redio haikurekodi. Timu za vijiji vyetu zimecheza tangu enzi za mgodi na za vijiji vya Ujamaa; zimekuwa na magolikipa, na mabeki, na mafundi wa chenga ambao wazee bado wanawasimulia. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Mchezaji asiyeandikwa hawezi kuonwa na kocha wa timu kubwa, hawezi kuombewa jezi kwa mfadhili, na akifa anakufa mara ya pili. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Kwetu mcheza kwao hatunzwi, wala hatajwi. Anatunzwa mcheza kwa wenzake.

Najua majibu yatakayokuja. Yapo ya wale watakaosema kwamba Simba na Yanga wamezipata sifa zao kwa jasho, na mimi nina wivu wa kimkoa. Jasho lao silikatai. Lakini jasho huzaa sifa pale tu linapoonekana, na kuonekana kunagawiwa na watu wenye majina na ofisi, hakunyeshi kama mvua. Yapo ya wale watakaosema mpira wa Kabungu ni dhaifu, hauna cha kutangaza. Udhaifu huo ni matokeo yanayotumiwa kama sababu. Timu isiyotangazwa haipati mdhamini. Isiyo na mdhamini haina viatu wala nauli. Isiyo na viatu wala nauli hufungwa. Ikifungwa tunasema haistahili kutangazwa. Na yapo ya wale watakaosema, achana na watu na raha yao. Raha siigusi. Endelea kuipenda klabu uliyorithi kwa baba yako. Ninachokataa ni kuifanya raha hiyo iwe kazi ya kulinda nafasi ya mwenye nafasi.

Kwa hiyo nini kifanyike? Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, linaendeshwa kwa fedha za umma, na umma huo umo Kabungu pia. Ni wajibu wake, wala si hisani, kutangaza kila wiki matokeo na misimamo ya ligi za chini za kila mkoa. Redio za jamii, kama Mpanda Radio FM, zina faida ambayo vituo vikubwa havina: ziko karibu na uwanja. Nusu saa ya mpira wa wilaya kila Jumatatu, yenye majina ya wafungaji na vijiji vyao, itabadilisha zaidi kuliko mwaka mzima wa kurudia majibizano ya wasemaji. Wahariri wa magazeti ya michezo watenge ukurasa mmoja kwa juma kwa ligi za chini na wamlipe mwandishi wa mikoani hata anapoleta habari ya mpira badala ya ajali. Na wenye maslahi katika klabu wanayoijadili hewani wayataje. TFF na chama cha soka cha mkoa wachapishe ratiba, orodha za wachezaji na matokeo. Mwandishi hawezi kuandika msimamo wa ligi ambao mwenye ligi mwenyewe hajauweka popote. Tanzania ni mmoja wa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Itakuwa aibu kulipokea bara zima huku hatuwezi kuchapisha matokeo ya wilaya.

Na wewe shabiki wa Kabungu, nakuomba ugawe hasira yako. Nusu wapelekee Jangwani au Msimbazi, kama ulivyozoea. Nusu nyingine ibakize nyumbani. Una simu yenye kamera, una daftari, una ubishi wa kutosha. Baada ya kila mchezo wa kata, andika tarehe, timu, matokeo, wafungaji na jina la mwamuzi. Fanyeni hivyo msimu mmoja tu. Kisha orodha hiyo ipelekwe kwa wahariri wa magazeti ya michezo, kwa TBC na kwa chama cha soka cha mkoa, ikiambatana na barua fupi inayouliza swali moja: kwa nini haya hayajawahi kutoka? Wakinyamaza, iandikwe ya pili na majina ya vijiji yaongezeke. Anayetaka mtu wa kumsaidia kuiandika barua hiyo anitafute. Nitaiandika pamoja naye, awe wa Simba au wa Yanga.